Mwalimu Ugenini na Barua ya Yeremia

Andiko: Yeremia 29:4-14, Danieli 1

Vijana wawili wa kanisa letu, walimu waliongoja TSC mpaka wakachoka, wameniuliza maisha ya kufundisha nje yakoje. Mmoja tayari ana barua ya kazi Rwanda. Niliwaambia nitaandika hapa ili wazazi wao pia wasome, maana wazazi ndio wanaogopa zaidi.

Watu wa Yuda walipokuwa Babeli, kulikuwa na manabii waliowaambia ati watarudi hivi karibuni. Hanania alitaja miaka 2. Yeremia akawaandikia kwamba itakuwa miaka 70. Basi wajenge, walime, waoze watoto wao, na wauombee ule mji, kwa sababu amani ya mji ndiyo itakuwa amani yao. Sisi huruka hapo tukakimbilia aya ya 11, ile ya kubandika ukutani. Lakini aliyepewa ahadi ya aya ya 11 ni yule aliyeambiwa kwanza apande mboga.

Mimi nilifundisha Rwanda miaka miwili, kuanzia 2017. Digrii yangu ni ya biashara, na kule ujasiriamali ni somo la lazima sekondari. Tena tangu serikali yao ilipoamua mwaka wa 2008 kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, Mkenya anayefundisha kwa Kiingereza ana nafasi. Mambo madogo unazoea haraka: saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja, magari hushika kulia, karatasi za plastiki haziingii nchini. Ugali wa muhogo na isombe nilikula kwa shukrani. Mrenda niliuota usiku.

Kubwa ni hili. Hapa Kakamega mtu akikusalimia anakuuliza wewe ni wa wapi, ukoo gani, bila ubaya wowote. Kule usiulize kabila la mtu. Kila Aprili 7 inaanza wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994. Mama aliyenikodishia chumba aliniomba nisipige gitaa wiki hiyo. Jioni moja akaketi mlangoni akanitajia majina ya ndugu zake. Matano. Hakuongeza neno. Mimi ni mchungaji wa kuzungumza, mnanijua, lakini siku hiyo nilikaa kimya naye mpaka giza likaingia. Baadaye nikauombea ule mji nikiwa na majina mdomoni, na ndipo nikaelewa Yeremia aliwataka wale mateka wafanye nini.

Danieli naye hakukataa shule ya Babeli. Alijifunza lugha na maandishi ya Wakaldayo, akaitwa hata jina lingine. Alichokataa ni chakula cha mfalme. Kwa hivyo, mwalimu, jifunze Kinyarwanda. “Mwaramutse” na “murakoze” zitakufungulia milango kuliko cheti chako. Lakini jua mapema, ukiwa bado kwenu, ni kitu gani hutakubali, kwa sababu ukifika utakuwa mpweke, na mpweke hukubali haraka.

Mapema 2018 makanisa karibu 700 ya Kigali yalifungwa kwa sababu ya usafi, usalama wa majengo na kelele. Sikubaliani na kila kitu kilichofanywa, ila choo cha kanisa hatungoji serikali ituambie. Nilijifunza kuomba kwa sauti ya chini, jambo gumu kwa Mpentekoste! Danieli 6 haisemi popote kwamba alikuwa na spika dirishani.

Sasa pesa. Watu wa nyumbani wakisikia uko nje, wanaona dola. Toa kodi, chakula, fungu la kumi na akiba ya nauli ya kurudi, halafu ndio uwaambie unaweza kutuma ngapi. Mkataba usomwe mpaka ukurasa wa mwisho: nani analipia kibali cha kazi? Likizo inalipwa ama hailipwi? Na ndani ya mwezi wa kwanza tafuta kanisa la hapo mtaani, lisiwe la Wakenya peke yao.

Wale wawili tukutane ofisini Jumanne baada ya maombi ya mchana. Wakuje na mkataba, na kila mmoja aje na mzazi.