Meseji Imechelewa? Usitume Pesa Mara ya Pili

Ni alfajiri Dunga, Kisumu. Omena imefika ufuoni, umemlipa mwenye boti kwa simu, lakini meseji haijaingia. Kabla ya kutuma tena, elewa kinachoendelea kwa seva.

Seva ni kompyuta inayotunza hesabu ya pesa zako. Seva za M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya Machi 2007, zilikuwa Ujerumani hadi zikahamishiwa Kenya mwaka 2015. Popote seva ilipo, wahandisi huipangia mambo matatu:

1. Kuwaka. Mfumo ukizimwa kwa matengenezo, hauwaki wote kwa mpigo. Daftari la hesabu hutangulia, ndipo huduma zinazolitegemea zifuate.

2. Mtandao. Pesa huhamia ndani ya daftari hilo, lakini meseji hupitia njia yake. Ndiyo maana pesa inaweza kufika na meseji ikachelewa.

3. Usimamizi. Wachache tu wenye ruhusa hubadilisha mipangilio, na kazi hiyo haihitaji PIN yako. Anayekupigia akisema, "Tunarekebisha mfumo, nipe PIN," ni tapeli. Kata simu.

Sasa ufanye nini? Angalia salio kwanza. Kwa M-Pesa, piga *334#. Kama limepungua, mwombe mwenye boti naye aangalie lake. Kama halijapungua, subiri kidogo, uangalie tena ndipo utume.

Ukiharakisha, utalipia karai moja la omena kwa bei ya makarai mawili.