Kulala kwa Tarakilishi: Mgawanyo wa Wajibu na Suala la Istilahi

Utangulizi

Kitenzi 'kulala' kinapotumiwa kuhusu tarakilishi huficha hali zaidi ya moja. Makala haya yananuia kubainisha hali hizo, kuonyesha wajibu wa famuwea, yaani programu iliyohifadhiwa katika bodi kuu, na wa kiini cha mfumo endeshi, kisha kupendekeza istilahi.

Mgawanyo wa wajibu

Katika utaratibu wa APM, uliotolewa na Intel na Microsoft mwaka wa 1992, famuwea ndiyo iliyokuwa na usemi mkubwa. Iliweza kuilaza mashine bila kujua mtumiaji anafanya nini. Mnamo Desemba 1996, Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa ACPI, na mamlaka yakahamia kwenye kiini. Tangu hapo kiini ndicho kiamuacho, nayo famuwea hukipa majedwali yaelezayo jinsi maunzi ya mashine husika yanavyolazwa na kuamshwa.

Katika hali ya S3, kiini husimamisha programu, huzima vifaa, hufuata maagizo ya majedwali na kuacha anwani ya kurejea. Kumbukumbu huendelea kupata umeme kidogo. Wakati wa kuamka, zamu hugeuka: famuwea hutangulia, huiandaa kumbukumbu, kisha hukirudishia kiini hatamu penye anwani ile. Upande mmoja ukikosea, huenda skrini ikabaki nyeusi.

Katika S4, kiini huhamishia yaliyomo kwenye kumbukumbu katika diski, na mashine huzimika. Ikiwashwa, famuwea huanza kama kawaida, kisha mfumo endeshi hurejesha kazi kutoka diskini. Aidha, vipakatalishi vingi vya miaka ya karibuni havina S3. Hubaki katika S0 vikitumia umeme kidogo mno, na kiini hubeba sehemu kubwa ya mzigo.

Suala la istilahi

Tofauti hizi si za kinadharia tu. Chukulia mwanafunzi wa Kibomet, mjini Kitale, anayeandika tasnifu kwa tarakilishi ya mezani isiyo na betri. Akiilaza kwa S3 kabla hajahifadhi kazi, kisha umeme ukatike kama ulivyokatika katika sehemu kubwa ya Kenya usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, kurasa hizo hupotea. Kwa S4, zingesalimika. Istilahi moja haitoshi kumwonya.

Kiswahili hakikosi maneno. 'Kusinzia' kunafaa kwa S0 ya umeme kidogo, na 'kulala' kwa S3. Ama S4, Kiingereza huiita kwa jina litokanalo na wanyama wapitishao majira ya baridi usingizini, taswira iliyo ngeni Afrika Mashariki. Kamongo, samaki ajichimbiaye topeni maji yakaukapo na kuibuka mvua inyeshapo, ni taswira ya karibu zaidi. Hivyo, 'kujichimbia' kunapendekezwa.

Hitimisho

Istilahi bora haitafsiri jina pekee, bali humjulisha mtumiaji kazi yake imehifadhiwa wapi. Wanaisimu na wataalamu wa tarakilishi hawana budi kushirikiana, kama famuwea na kiini.