Bibi Hajakupuuza: Umri, Ubongo na Kusoma Sura za Watu

Kijitabu kwa familia zinazoishi na wazee, Moshi mjini na vijijini mlimani

Kinachotokea

Desemba, wajukuu wakipanda Marangu, Machame na Kibosho kuwaona wazee, huweza kutokea hivi: kijana amenuna, na Bibi anaendelea kumsimulia habari za migomba. Kijana huondoka akisema Bibi hajali.

Mara nyingi si hivyo. Tafiti za nchi mbalimbali zilizotumia picha za nyuso zimeonyesha kuwa wazee hukosea zaidi kuliko vijana kutambua hasira, huzuni na woga. Furaha huwapa shida kidogo tu.

Kwa nini?

- Sehemu za ubongo zinazotusaidia kupima hisia, hasa za mbele, hupungua kadiri umri unavyosogea.
- Wakilinganishwa na vijana, wazee wengi hutazama mdomo zaidi na macho kidogo, na hasira na woga hukaa zaidi machoni.
- Mtoto wa jicho na mwanga hafifu huongeza tatizo.

Nyumbani fanyeni hivi

- Semeni: "Bibi, leo nina huzuni." Msingoje asome usoni.
- Msizungumze mkiwa mmesimama mlangoni mwa jiko. Mwanga ukiwa nyuma yenu, yeye huona kivuli tu. Kaeni mbele yake, penye nuru.
- Mpelekeni akapimwe macho na masikio. Sauti pia hubeba hisia.
- Wazee wengine huamini upesi sura ambayo kijana angeitilia shaka. Mgeni akileta karatasi za kihamba au za mkopo, mzee asisaini kabla ya kushauriana na familia.

Lini si uzee wa kawaida?

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukikosa nguvu au maneno yakimshinda, huenda ni kiharusi: hospitali, saa hiyo hiyo.

Akipotea njia ya shambani kwake, akirudia swali lile lile, au mtu mpole akigeuka asiyejali wala kuona haya, huenda ni dimensia. Utafiti katika vijiji sita vya wilaya ya Hai, uliohusisha wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, ulikuta takriban 6 kati ya kila 100 wanayo. Ni ugonjwa wa ubongo, si uchawi wala laana, na wazee walio wengi hawana.

Anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikibidi mtapewa rufaa hadi hospitali ya KCMC. Aende na mtu anayeishi naye, aeleze mabadiliko yalianza lini.