Sida ya Kataboi: muulize fundi kabla ya kulipa

Fundi, huku Kataboi nimeletewa kitanda nikaambiwa ni sida ya Turkana, kazi ya mafundi wetu. Niamini?

Kazi ya mikono iamini, mti uulizie. Mtarakwa, ambao ndio sida ya asili ya Kenya, hupenda baridi ya milimani, aghalabu juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kataboi iko ukingoni mwa Ziwa Turkana, chini ya mita 400. Ndani ya Turkana utauona vileleni, kama milima ya Loima magharibi mwa Lodwar, na msitu ule ni mdogo mno kuufanya ghala la vitanda. Mbao zinazoteremka kwa lori kutoka Kitale mara nyingi ni sipresi ya kupandwa, mti uliotoka Meksiko. Sipresi si mbaya. Kibaya ni kuilipia bei ya mtarakwa.

Nitautambuaje?

Mwambie muuzaji apige randa kidogo mahali pasipoonekana, tuseme upande wa ndani wa mbao za ubavuni. Kiini cha mtarakwa ni chekundu-kahawia na kinanukia penseli iliyochongwa sasa hivi. Enzi za ukoloni mti huu ulipelekwa Ulaya kutengenezewa penseli. Sipresi ni ya manjano hafifu. Muuzaji akikwambia vanishi itaharibika, mwachie kitanda chake.

Meza niliyonunua Kitale ilipasuka katikati baada ya miezi michache nikiwa nayo Lodwar. Fundi alinipunja?

Huenda alikuwa mwaminifu kabisa. Ubao huvuta na kuachia unyevu wa hewa, na unapokauka hupungua upana. Urefu haubadiliki sana. Meza iliyoundwa kwenye ubaridi wa Kitale ikishushwa Lodwar itaendelea kukauka. Kama uso wake umepigiliwa misumari kila upande, hauna pa kwenda, basi unapasuka.

Dawa ni kuleta mbao kwanza, samani baadaye. Zipange kivulini huku huku Lodwar, vijiti katikati ya ubao na ubao ili upepo upite, jua lisizipige. Ziache wiki kadhaa, zikiwa nene miezi. Kisha uso wa meza ufungwe kwa skrubu zilizopitishwa kwenye matundu marefu, usogee bila kuumia. Miguu iunganishwe kwa ulimi na tundu, si msumari mtupu. Mtarakwa hasa hupasuka kirahisi kufuata nyuzi, ndiyo maana wakulima waliupenda kwa nguzo za ua: shoka na kabari vinatosha, na mchwa hawaushindi upesi. Kwa hiyo hata skrubu moja itobolewe njia kwanza.

Ungekuwa wewe, ungetumia mti gani?

Mathenge. Najua wengi watanuna. Mti huu, Waturkana wanauita etirae, uliletwa kuzuia jangwa, ukasambaa miaka ya 1980 na baadaye, na leo umejaa kando ya mto Turkwel na pande za Kakuma. Miiba yake hutoboa matairi, na mifugo inaujua ubaya wake. Lakini ubao wake ni mgumu, una rangi nzuri ya kahawia, na hupungua kidogo sana unapokauka. Argentina hutengeneza samani na sakafu kwa ndugu zake. Kasoro yake ni umbo: shina limepinda, jembamba. Usiuombe kitanda kizima. Uombe vigoda, miguu ya meza, vipande vifupi vilivyogundishwa kuwa uso mmoja. Kabla ya kusafirisha mbao zozote, pitia kwa afisa wa Huduma ya Misitu upate kibali.

Mti wa ewoi, aina ya mgunga, usiuguse. Kando ya mito miti hiyo huwa ndani ya ekwar, eneo la familia fulani, na maganda yake ndiyo lishe ya mbuzi wakati wa kiangazi.

Vanishi au mafuta?

Mafuta ya kitani, upake upya kila yanapofifia. Upepo wa ziwani hubeba mchanga, na vanishi ikichunika haitengenezeki bila kukwangua yote.

Na ekicholong, kigoda cha Waturkana cha kukalia na kulazia kichwa, kikiwa cha mtarakwa, je?

Kitanukia vizuri, kisha kitapasuka shingoni, pale penye wembamba. Wachongaji hutumia mbao ngumu, wakachonga kwa tezo kutoka gogo moja. Kigoda hicho hakina kiungo hata kimoja cha kulegea, kwa hiyo kikiletwa kwako kikiwa na gundi, kirudishe.