Baada ya Kifafa Kisichokatika

SWALI: Bwana Tabibu, mume wangu alishikwa na kifafa kisichokatika, akalazwa siku 12 katika chumba cha mahututi. Sasa yu nyumbani, lakini husahau na kughadhibika upesi. Je, atarejea kuwa yule wa zamani?

JIBU: Bibi, kifafa kipitacho dakika 5 ni cha dharura, na kikifikia dakika 30 chaweza kuuathiri ubongo, walakini hatima ya mgonjwa hutegemea zaidi umri wake na sababu iliyokileta, kwani aliyeshikwa kwa kukosa dawa zake aghalabu huwa na matumaini kuliko aliyepatwa na kiharusi au homa ya ubongo. Usahaulifu na uchovu twauona sana kwa waliolazwa muda mrefu kwa dawa za usingizi na mashine ya kupumulia, na nafuu yake huja taratibu, kwa miezi. Basi mumeo akitumwa sukari na chumvi akarejea na sukari peke yake, hakukudharau, amesahau tu. Mwandikie karatasi, na jamaa wamchekao uwakanye. Ama hizo ghadhabu, tazama dawa anywazo: levetirasetamu, kwa mfano, huweza kumtia mtu hasira. Lakini asiiache ghafla, maana kifafa chaweza kurudi kwa nguvu. Mwende kwa daktari aliyemwandikia, naye ataipunguza au kuibadili.