Kutoka Ubongoni Hadi Titini: Mafunzo Niliyopata

Kwa miaka sita nilifanya kazi Ujerumani, kwenye maabara ya seli za ubongo. Kila asubuhi nilifungua inkubeta yenye nyuzi joto 37, nikatoa sahani za seli za neva za panya na kuziweka chini ya hadubini. Ncha za nyuzi zake zilikuwa zikipapasa huku na huku, kama vidole vya mtu anayetafuta kiberiti gizani. Leo nipo Dar es Salaam, na ninachokitazama ni vipande vya uvimbe wa matiti. Watu huniuliza kwa nini niliuacha ubongo. Sikuuacha. Protini niliyoichunguza kule ndiyo ninayoitafuta hapa.

1. Seli haijui imo idara gani

Protini yenyewe inaitwa HER2. Ni kipokezi kilichopenya utando wa seli, upande mmoja nje na mwingine ndani, kikipitisha taarifa kuelekea kwenye kiini. Waliokutana nayo mwanzoni hawakuwa wakitafuta saratani ya matiti hata kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye maabara ya Robert Weinberg huko MIT, Marekani, watafiti walichunguza uvimbe wa mfumo wa neva wa panya waliopewa kemikali wakiwa bado tumboni mwa mama zao. Ndani ya uvimbe ule wakakuta jeni inayozigeuza seli za kawaida kuwa za saratani, wakaiita neu, kwa sababu ya neva. Muda si mrefu watafiti wengine wakaisoma jeni ya binadamu iitwayo HER2, ikaonekana kuwa ni ileile. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake wakachapisha matokeo ya uvimbe wa matiti 189: katika asilimia kama 30 jeni hiyo ilikuwa imejirudufu, na wanawake hao ugonjwa uliwarudia mapema zaidi.

Kwa nini jeni ya uvimbe wa neva itokee kwenye titi? Kwa sababu mwili hutumia lugha moja kila mahali. Neva hutoa ujumbe uitwao neuregulini, unaoziambia seli jirani ziendelee kuishi na ziizungushie neva ala ya mafuta. Titi nalo linautumia ujumbe huo linapojenga mirija ya maziwa. HER2 haiushiki ujumbe huo yenyewe. Husubiri ndugu zake, HER3 au HER4, waushike, kisha huungana nao na amri ikapita. Lakini seli ya saratani iliyorudufu jeni inaweza kubeba vipokezi hivyo hadi milioni 2, ambapo seli ya kawaida ina takriban 20,000. Kwa msongamano huo HER2 hushikana zenyewe kwa zenyewe, na amri ya kukua hutoka bila ujumbe wowote kufika.

Niliposoma habari hii mara ya kwanza nilikuwa nimeketi kwenye treni, na nilipitiliza kituo changu. Mpaka siku hiyo nilidhani mtu wa ubongo na mtu wa saratani hawana la kuambiana.

2. Andika hata usichokitafuta

Stanley Cohen alikuwa akisaka protini inayokuza neva, kazi aliyoianza na Rita Levi-Montalcini huko St. Louis katika miaka ya 1950. Aliwadunga panya wachanga majimaji yaliyotolewa kwenye tezi za mate za panya wakubwa. Wakafumbua macho kwenye siku ya 7 hivi, wakati panya wa kawaida hungoja mpaka siku ya 12 hadi 14. Hakuna neva inayofumbua macho ya panya mapema namna hiyo. Angeweza kulipuuza jambo hilo, lakini alilifuatilia mpaka akapata protini nyingine inayokuza seli za ngozi, na kipokezi cha protini hiyo ndicho HER2 iliyofananishwa nacho hata ikapewa jina lake. Cohen na Levi-Montalcini walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Daftari langu la maabara lina safu ya mwisho niliyoiandika “Mengineyo”. Wanafunzi wangu nawadai waijaze kila siku, hata kama ni kuandika kwamba maji ya lishe yamebadilika rangi kabla ya wakati.

3. Jua seli ni za nani

Hili lilinigharimu miezi minane. Nilitaka kuona kama seli za saratani ya matiti huitikia neuregulini kama zinavyoitikia seli zinazozungushia neva ala. Nikapewa seli ziitwazo MDA-MB-435, ambazo maabara nyingi duniani zilikuwa zikizitumia kama seli za matiti. Zikaitikia kwa namna iliyonifurahisha mno: zilijinyoosha, zikatoa mikono mirefu, zikafanana kabisa na seli za kwenye neva. Nikaanza kuandika makala.

Mwenzangu wa meza ya jirani ndiye aliyeniletea karatasi. Tangu mwaka 2000 ilikuwa imeshaonekana kwamba jeni zinazofanya kazi ndani ya seli hizo ni za melanoma, saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi. Vipimo vya baadaye vikathibitisha kwamba ni sawa na seli nyingine za melanoma ziitwazo M14. Hapo nikaelewa kwa nini zilifanana na seli za kwenye neva: seli za rangi ya ngozi na seli za ala ya neva huchipuka mahali pamoja kwenye kiinitete. Nilikuwa nimelinganisha ndugu na ndugu, nikadhani nimegundua undugu wa ukoo mwingine.

Niliifuta makala. Siku hizi hakuna chupa ya seli inayoingia kwangu bila kupimwa vinasaba kwanza. Seli ni za mtu. MCF-7, zinazotumiwa kila siku katika utafiti wa matiti, zilitoka kwenye maji yaliyonyonywa kifuani mwa mtawa mmoja wa Marekani mwaka 1970, akiwa mgonjwa sana. Nikizifungua humkumbuka.

4. Moyo nao unasikiliza

Dawa ya Herceptin, kingamwili inayokamata HER2, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Imeokoa wengi. Lakini baadhi ya wagonjwa walianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, dalili za moyo kudhoofika, hasa waliopewa pamoja na dawa fulani nyingine za kemo. Wachunguzi wa panya walikuwa na sababu ya kushtuka: mwaka 1995 ilishaonyeshwa kwamba panya asiye na HER2 au neuregulini hufia tumboni, kwa kuwa moyo wake haujengeki vizuri. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa moyo kwa eko kabla ya kuanza dawa, na tena kila baada ya miezi michache.

5. Usiuone ubongo kama nyumba iliyofungwa

Kingamwili ni molekuli kubwa, na kizuizi kati ya damu na ubongo huipitisha kwa shida. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kupona kifuani, saratani ikajificha kichwani. Mwaka 2019 kundi la Douglas Hanahan, Uswisi, lilionyesha jambo lililonikosesha usingizi: seli za saratani ya matiti zilizofika ubongoni hujisogeza mpaka kwenye viungio vya neva na kunasa glutamati, kemikali ambayo neva huitumia kuzungumza. Hupokea kwa vipokezi vya NMDA, vilevile nilivyovisoma darasani kama vipokezi vya kujifunza na kukumbuka. Kumbe zinajilisha kwa mazungumzo yetu ya ndani. Sijui neno kali zaidi la kueleza nilivyolichukia jambo hilo, na nilivyotaka kurudi maabara usiku uleule.

6. Saa ya kwanza ndiyo yenye majibu

Niliporudi nyumbani nilikuta tatizo ambalo kule sikuwahi kuliwaza. Kipande kikitolewa kwenye titi kinatakiwa kiingie kwenye formalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja, kikae humo kati ya saa 6 na 72, na formalini iwe nyingi, kama mara 10 ya kipande. Kikicheleweshwa, protini huharibika, na kipimo kinaweza kusema HER2 haipo wakati ipo. Katika hospitali moja nilipokea kipande kilicholala usiku kucha kwenye maji ya chumvi. Mwenye kipande hicho alikuwa na miaka 38. Sikuweza kumpa jibu lolote la kuaminika.

Kwa hiyo nimekuwa msafiri. Naenda wodi kwa wodi nikiomba jambo moja: andikeni kwenye chupa saa kipande kilipotoka na saa kilipoingia formalini.

Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka Lushoto. Nilimwamkia, akaketi, akaanza kufungua fundo la pindo la kanga. Nilidhani anatafuta pesa ya kipimo. Akatoa kipande cha nta chenye nyama ya uvimbe wake ndani, kidogo kama kiberiti, kimeviringishwa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amekishika tumboni basi zima, asikiweke juani kikalainika. Kwenye karatasi, kwa kalamu ya bluu, kulikuwa na saa mbili: 4:10 na 4:25.

Fundi wetu alikata nta nyembamba kuliko ganda la kitunguu, akaipaka rangi ya kuonyesha HER2, tukangoja. Chini ya hadubini kila seli ilikuwa imezungukwa na mstari wa kahawia, mzima, bila pengo, zikaungana kama waya wa banda la kuku. Alama ya 3+, ya juu kabisa. Nilimweleza kwamba ipo dawa inayolenga uvimbe wa aina yake, kwamba si nyepesi, na kwamba moyo wake utapimwa kwanza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba nta yake, akaikunja kwenye karatasi ileile, akaifunga pindoni.

“Haya mwanangu,” akasema. “Huo moyo wanaupima siku gani?”