Pikapu ya umeme: chukua ile isiyo na mbwembwe

Kiangazi ni msimu wa madalali. Mahindi yameshaanikwa, maharage yameuzwa, tangawizi ya Mamba Miamba na Vunta inashushwa kidogo kidogo, na mkulima aliyeshika hela anaanza kuonyeshwa picha za magari kwenye simu. Siku hizi pikapu za umeme nazo zimo kwenye picha hizo, na wakulima mnauliza kama zinatufaa sisi wa milimani.

Zinaweza kutufaa, tena kuliko watu wa tambarare. Ila ninachozungumzia hapa ni ile ya bei ya chini, ya kazi, isiyo na mapambo.

Sababu ya kwanza ni mlima wenyewe. Mzigo wetu mzito hushuka. Gari hupanda Bombo au Suji likiwa na mbolea kidogo na abiria wawili, kisha hurudi limejaa. Kwenye gari la mafuta, kushuka ni hasara tupu: breki zinachemka, dereva ananusa harufu ya kuungua, na hakuna lita inayorudi kwenye tanki. Kwenye gari la umeme, ukiachia pedeli ya mwendo, mota inageuka kuwa jenereta, inalishika gari na kurudisha chaji kwenye betri. Huko Uswisi, karibu na mji wa Biel, lipo lori la machimbo la Komatsu lililogeuzwa kuwa la umeme. Linapanda tupu, linashuka na mawe ya kiwanda cha saruji, na mteremko hulirudishia sehemu kubwa kabisa ya umeme wake.

Kwetu hesabu ni ndogo zaidi. Pikapu ya kilo 1,700 yenye kilo 700 za tangawizi, ikishuka mita 1,000 za wima, inaweza kurudisha uniti tatu hivi baada ya barabara mbovu kuchukua chake. Angalizo moja: usijaze betri hadi asilimia 100 ukiwa juu mlimani. Betri iliyojaa haina pa kupokelea, na hapo breki za kawaida zinabaki peke yao. Ondoka na 80.

Sasa pesa. Tuchukue gari linalokula uniti 25 kwa kilomita 100 za barabara zetu. Uniti ya daraja la kawaida, pamoja na kodi na tozo, ni kama Sh356. Hiyo ni Sh8,900. Pikapu ya petroli ikila lita 11, na lita tukiihesabu Sh3,000, ni Sh33,000. Ukitembea kilomita 12,000 kwa mwaka, umebakiza karibu Sh2.9 milioni. Usidanganywe na uniti ya Sh100 kabla ya kodi: hiyo ni ya nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, na gari litakutoa humo wiki za mwanzo tu.

Kwa hesabu hiyo hiyo utaona kwa nini toleo la juu halina maana kwa mkulima. Skrini kubwa, viti vya ngozi na rimu za kung'aa vikiongeza Sh10 milioni, umekula akiba ya miaka mitatu na nusu, na kichanja cha mzigo hakijaongezeka hata sentimita moja. Tazameni Ford: walipotangaza pikapu yao ya umeme, F-150 Lightning, mwaka 2021, toleo la kazi lilikuwa la dola 39,974. Bei ikapandishwa mara kadhaa hadi kukaribia dola 60,000 mwaka 2023, kisha ikashushwa, na Desemba 2025 kampuni ikatangaza kuacha kuliunda gari hilo la umeme mtupu. Wenzao wa kampuni ya Slate, huko huko Marekani, walionyesha pikapu isiyo na redio, yenye vioo vya kuzungusha kwa mkono. Wengi walicheka. Mimi nilisoma nikaona gari la fundi wa Hedaru.

Tena sakafu ya mpira isiyo na zulia ina faida ya shambani. Ugonjwa wa kuoza kwa tangawizi husafiri na mbegu iliyougua na udongo ulioganda. Bodi tupu la chuma unalimwagia maji, unalisugua kwa brashi kwenye kona na chini ya komeo la mlango wa nyuma, mahali matope hujificha, na unaosha tairi kabla ya kuingia shamba la jirani. Fanyeni hivyo hata kwa kirikuu cha petroli.

Kuna jaribu la kuagiza gari kuukuu kutoka Japani. Mitsubishi walitoa Minicab MiEV ya bodi mwaka 2013: betri ya uniti 10.5, kilomita 110 kwa vipimo vya kule, mzigo kilo 350. Sasa betri hiyo imezeeka, na kilo 350 ni magunia matatu na nusu ya mahindi, lumbesa zikiwa pungufu zaidi. Kwa barabara za tambarare za Ndungu na Maore inaweza kutosha. Kwa kupanda mlima, bila cheti cha afya ya betri, mimi singenunua.

Nyumbani, chaja iwe na waya wake kutoka kwenye mita, na ethi iliyopimwa na fundi mwenye leseni. Kama taa hufifia jioni jirani akiwasha pasi, chaji usiku wa manane.

Mwenye ekari moja asinunue peke yake. Kilomita 12,000 hatazifikisha. Lipelekeni suala hili kwenye kikao cha AMCOS, chama chenu cha ushirika, kabla ya vuli. Mkifika kwa muuzaji, mwambieni alete gari hadi juu, lipakiwe magunia yenu, lishuke na kupanda. Akikataa, msitoe hata shilingi ya kishika nafasi.